Mkewenza Wangu Hataki Mwongozaji

Mkewenza wangu alipokuja kuniambia twende tukatembee mlimani, kitu cha kwanza nilichokitazama ni mikono yake. Nilitaka kujua amebeba nini. Alikuwa na kikapu cha mikate ya mofa aliyoichoma mwenyewe alfajiri huko Kengeja, bado ina vuguvugu, na mimi, Mungu anisamehe, niliipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikaifungia kabatini. Sikuila. Siamini uchawi. Nimesomesha miaka thelathini na moja, tena jiografia, siwezi kuamini mambo hayo. Lakini sikuila.

Tabia ya kushuku nimezaliwa nayo. Maziwa nayanusa kabla ya kuyachemsha na nikishayachemsha. Mtu akinisalimia kwa furaha nyingi najiuliza ana shida gani. Wanafunzi wangu walikuwa wakisema mwalimu huyu ukimwambia kumekucha, hutoka nje kwanza akatazama jua. Ni kweli, wala sijuti, maana imeniokoa mara nyingi. Ni mara moja tu niliposhuku pasipostahili na nikaacha kushuku palipostahili, na mara hiyo moja ilinigharimu usingizi wa miaka.

Mume wetu alifariki mwaka juzi, wakati wa mavuno ya karafuu. Alikuwa bwana shamba, mtu wa kuzunguka kisiwa kizima akikagua mikarafuu na migomba ya watu. Mimi nilikuwa mke wake wa kwanza, hapa Tibirinzi. Huyu wa pili alimwoa nikiwa nimeshakaa naye miaka kumi na minne, akamweka Kengeja kwenye shamba la wazee wake. Siku mbili kwangu, siku mbili kule. Hatukugombana, mimi na mwenzangu, wala hatukupendana. Sikukuu zikifika tulipelekeana sahani, na sahani haikurudi tupu. Yeye aliniita Bi Mkubwa, mimi nikimwita Bi Mdogo, na ukituona harusini tumekaa jamvi moja ungesema hawa wamenyonya ziwa moja.

Marehemu alikuwa mtu wa dini, na alikuwa na woga mkubwa wa jambo moja. Sote tumefundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba mume asiyefanya uadilifu kati ya wakeze atafufuliwa ubavu wake mmoja umeinama. Hilo lilimkaa kichwani. Akinunua samaki, ananunua wawili wa kimo kimoja. Akileta khanga, anazipima urefu kwa mkono kabla hajazigawa. Na akitaka kusafiri na mke, anapiga kura, kama ilivyo sunna.

Kura yake ilikuwa ya karafuu. Alituita sote wawili, tukakaa mkekani, akaficha karafuu moja kavu yenye kichwa chake katika ngumi moja, na katika ngumi ya pili akaficha konyo, kile kijiti kinachobaki karafuu zikishachambuliwa. Mimi mkubwa nilichagua kwanza. Alinitilia kiganjani kilichokuwa katika ngumi niliyoigusa, kisha akamtilia mwenzangu cha ngumi ya pili, na kwa adabu hatukuoneshana. Mwenye karafuu anasafiri. Mwenye konyo anabaki na kuku.

Unguja nilikwenda, Tanga nilikwenda, Dar es Salaam nilikwenda mara mbili, sikatai. Lakini safari niliyoitaka kwa roho yangu yote ilikuwa moja. Miaka tisa iliyopita aliitwa kwenye semina ya kilimo huko bara, katika mji mdogo ulio chini ya milima yenye hifadhi ya taifa. Mimi nimefundisha milima tangu nikiwa msichana. Nimeichora kwa chaki, nimeeleza mvua inavyonyesha upande mmoja na upande wa pili ukabaki mkavu, nimeeleza miti inavyobadilika kadiri unavyopanda. Wala sijawahi kuuona mlima kwa macho yangu. Pemba tuna vilima, ukimaliza kupanda kimoja unatokea kwenye mihogo ya jirani. Siku ile niligusa mkono wa kulia. Likaniangukia konyo. Nikalitupa palepale, nikaingia jikoni ili nisionekane uso, na nyuma yangu nikamsikia Bi Mdogo akisema kwa sauti ndogo, "Karafuu."

Wakaenda. Mimi nikabaki na kuku, na nikabaki na shaka. Mume niliyeishi naye miaka yote ile alijua kwamba mimi kila kitu naanzia kulia, kula, kuvaa, kuingia ndani. Asiyejua nitagusa mkono gani ni nani? Alinipangia. Alitaka kwenda na yule mdogo, mwenye magoti mazima, akaona bora anifunge kwa kura nisiwe na la kusema. Waliporudi, Bi Mdogo alikuja na picha moja, amesimama kwenye lango la hifadhi kando ya kibao, mkoba begani, na alinionesha kwa adabu. Nikasema mashaallah. Kifuani nilikuwa nawaka.

Siku ya maziko, kabla jeneza halijatolewa, shangazi yake alituita mmoja mmoja tumuage na tumpe radhi zetu, maana kinyongo cha mke ni mzigo kwa mume aliyetangulia. Bi Mdogo alisema nimekusamehe, akalia mpaka akashikwa. Mimi pia nikasema nimekusamehe. Ulimi ulisema. Moyo ulikuwa bado umekaa kwenye ule mkeka na konyo kiganjani. Tukakaa eda, kila mmoja kwake, miezi minne na siku kumi, na kila nikimwombea dua nilifika mahali pa kusema nimemsamehe, nikakwama kama mtu mwenye mwiba wa samaki kooni. Nilimpenda mume wangu. Nilijua huko aliko anaulizwa, na kwamba jibu moja katika majibu yake ninalo mimi, nimelikalia. Hilo lilinitisha kuliko kifo chake.

Basi fikiria mwenyewe. Mwanamke huyo huyo aliyeushinda mlima wangu, anakuja na mikate ya mofa, anakaa, anakunywa chai yangu, kisha ananiambia kwa lafudhi yake ya Kengeja, "Bi Mkubwa, twende tukautembee ule nlima. Mimi na wewe."

"Mlima upi?"

"Ule ule."

"Na nani?"

"Wenyewe. Kuna njia ina vibao, ntu unaingia kwa miguu yako na unatoka kwa miguu yako. Hatuhitaji mwongozaji."

Ala! Nilimtazama. Hatuhitaji mwongozaji? Mwanamke ambaye akija mjini Chake husindikizwa mpaka duka la vitambaa kwa kuogopa kupotea, leo hahitaji mwongozaji katika msitu wa bara?

"Na ndovu?" nikamuuliza.

"Ndovu wako mbali."

"Nani kakwambia wako mbali? Wao wenyewe?"

Akacheka, akajifuta mdomo kwa ncha ya buibui. Na mimi nikasema nitakwenda. Wallahi nilisema nitakwenda papo hapo, kwa sababu mbili. Ya kwanza, nilitaka mlima wangu. Ya pili, nilitaka kujua anatafuta nini, maana kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii nilikuwa nimeivaa miaka mingi bila kuikung'uta.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta aliposikia alishika kiuno. "Wajane wawili wa mume mmoja, peke yao msituni," alisema. "Atarudi mmoja." Nikamwambia nyamaza we, lakini maneno yake niliondoka nayo.

Tukaanza kupanga. Kila Jumamosi Bi Mdogo alipanda gari ya Kengeja ya asubuhi, saa nne akawa barazani kwangu na mikate mingine ya mofa, nayo nikaifungia kabatini. Nilinunua kaunta buku nikaipiga mistari kwa rula, kama maandalio ya somo: siku, saa, umbali, vitu, hatari. Safu ya hatari ndiyo iliyojaa haraka. Boti kutoka Mkoani, kulala Unguja kwa binti wa dada yangu, boti ya Dar, treni ya umeme, kisha basi mpaka chini ya mlima. Hapo nilikuwa na amani, njia ya watu ina watu. Tatizo lilikuwa kuanzia langoni kwenda juu.

Yeye alikuwa na haraka ya kila kitu. Mimi nilitaka tuingie saa moja asubuhi, tufike maporomoko ya maji saa tano, tupumzike, tusali Adhuhuri hapo hapo, saa kumi tuwe tumeshatoka. Nilimwonesha dira yangu, ile niliyoinunua nilipoanza kazi, nikamweleza tutakavyojua kibla tukiwa chini ya miti hata jua lisipoonekana. "Hayo wajua wewe," alisema. Nikamuuliza atavaa viatu gani. Akanyoosha mguu. Yeboyebo! Yeboyebo za plastiki, za kijani, kisigino kimeliwa upande.

"Bi Mdogo, huko kuna ruba. Kuna matope. Kuna mawe yenye ukungu."

"Nimelimia hizi muhogo miaka minne, hazijanitupa."

"Muhogo haupandwi kwenye ukuta. Tafuta viatu."

"Nitatafuta." Jumamosi iliyofuata akaja na yeboyebo zile zile, kazisugua kwa brashi zinameta, kana kwamba kosa lake lilikuwa uchafu. Nikaandika kwenye safu ya hatari: *viatu vya mwenzangu*. Kila wiki nilimkumbusha, na kila wiki alisema atatafuta.

Kisha tukafika kwenye suala la nani atangulie. Mimi nilisema yeye. Alidhani nampa heshima ya mwenyeji, aliyewahi kufika. Ukweli ni kwamba sikutaka awe nyuma yangu. Kwenye njia nyembamba, kushoto mlima, kulia bonde, mkewenza nyuma yako? Hapana. Atangulie nione mikono yake. Nilijichukia kidogo kwa kufikiri hivyo, lakini si kiasi cha kubadili mpango.

Tulifanya na mazoezi. Alasiri, baada ya sala, tulishuka mpaka bondeni na kuupanda mteremko wa nyumbani kwangu mara tatu, mimi na fimbo, yeye na zile plastiki zake, watu wakitusalimia na kutuuliza tunakwenda wapi, sisi tukisema hapa tu. Bi Mdogo alipanda bila kuhema. Mimi magoti yalinilia kama bawaba. Mara ya tatu alinisubiri juu, akaninyooshea mkono. Nikaupita, nikashika mti. Alirudisha mkono wake taratibu ndani ya buibui, na niliona kwamba ameona.

Kilichonifumbua macho ni ramani. Niliipata kwenye mtandao, nikaenda nayo steshenari, nikachapishiwa kwenye karatasi kubwa, nikaibandika kwenye meza ya chakula kwa gundi ya karatasi. Ilikuwa ramani nzuri, ina kontua, ile mistari ya kahawia inayozunguka mlima kuonesha kimo. Mistari ikiachana, ardhi ni tambarare. Ikibanana, ni mpando wa kukata roho. Darasani nilikuwa nakata kiazi kitamu nusu, kisha kipande juu ya kipande, watoto wakaona mlima unavyolala kwenye karatasi. Somo hili nimelifundisha mara nyingi hata nikiangalia ramani naona kilima kimenyanyuka mezani.

Nikamwambia Bi Mdogo, "Wewe umefika. Nisimulie njia, mimi nifuate kwa kidole."

Akasimulia. Langoni kuna kibao, kuna benchi chini ya mti mkubwa, kuna choo cha bati, kuna bomba la maji. Barabara ya magari ya askari inaingia kushoto, njia ya miguu inaingia kulia. Yote yalikuwa sawasawa, benchi hata kwenye ramani lilikuwepo, alama ndogo ya kupumzikia. "Halafu?" nikauliza.

"Halafu unakwenda."

"Unakwenda vipi? Unapanda, unashuka?"

"Unakwenda sawa tu. Tambarare. Ntu anatembea bila shida mpaka kwenye maporomoko."

Kidole changu kilikuwa kimesimama. Baada ya benchi, hatua chache tu, mistari ilikuwa imebanana mpaka karatasi imekuwa kahawia. Hapo hapana tambarare. Hapo mtu anapanda kwa mikono na miguu. Mtu aliyepita hapo mara moja maishani hasahau, hata akiwa na magoti ya mbuzi.

"Maporomoko yako mkono gani?"

"Kulia."

Yalikuwa kushoto, ng'ambo ya mto.

"Mto mliuvukaje?"

"Mto gani?" akasema.

Nilifunga kaunta buku, nikampa chai, nikamsindikiza mpaka garini kwa tabasamu. Wiki nzima nilikaa na jambo hilo. Mwanamke huyu hajaupanda mlima. Kwa hiyo miaka tisa iliyopita walikwenda wapi, yeye na mume wangu, kwa siku nne? Na sasa ananipeleka wapi, mahali asipopajua, bila mtu wa kutuongoza, bila hata viatu? Nikaona wazi kwamba uongo wa zamani unanipeleka kwenye uongo mpya. Ijumaa nikampigia simu mtu wa hifadhi, namba nilikuwa nimeipata kwao wenyewe, nikamwambia tunataka mwongozaji, mwanamke akiwepo ni bora. Akasema hakuna shida mama, njia ile watu hutembea wenyewe, lakini mkitaka mtu atakuwepo.

Jumamosi nikamwambia Bi Mdogo. Alikuwa anamenya chungwa. Kisu kikasimama.

"Sitaki mwongozaji."

"Kwa nini?"

"Sitaki tu. Mfute."

"Simfuti mpaka unambie kwa nini."

"Bi Mkubwa, nakuomba."

"Unaniomba nini? Niingie msituni na mtu asiyeijua njia? Wewe hukupanda mlima ule! Nimekukamata kwenye ramani. Hakuna tambarare pale, na mto hukuuona, na maporomoko umeyaweka upande usio wake. Ulikaa wapi siku nne na mume wangu? Na sasa unataka kunifanya nini huko juu pasipo na mtu?"

Nilikuwa nimesimama bila kujijua. Sauti yangu ilikuwa ya darasani, nina hakika jirani alikuwa ameweka sikio ukutani. Bi Mdogo akaweka chungwa chini. Macho yake yalijaa, lakini hakuinamisha kichwa.

"Nakufanya nini?" akasema polepole. "Bi Mkubwa, wewe kweli ulidhani mimi nitakusukuma?"

Ndiyo, nilidhani. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

"Nilitaka nikwambie jambo," akasema, "nalo silisemi mbele ya ntu wa tatu. Hapa kwako kuta zina watu. Kengeja nina mawifi mlangoni. Nikaona tukiwa kule, sisi wawili, pahali penyewe lilipotokea, nitaweza. Na nikishasema, huna pa kunikimbia, utanisikiliza mpaka mwisho. Sasa umenibana, basi nisikilize hapa hapa."

Akafungua pindo la khanga yake, akatoa kijikaratasi kilichokunjwa, akakiweka juu ya ramani. Ndani yake mlikuwa na konyo moja kavu, jeusi.

"Hili ndilo nililotiliwa kiganjani siku ile."

"Siku ipi?"

"Siku ya nlima. Wewe ulipata konyo ukalitupa, ukaingia jikoni. Mimi nikafungua nkono wangu, na mimi nina konyo. Nikamtazama bwana, naye akanitazama. Karafuu haikuwepo, Bi Mkubwa. Alitia makonyo mawili, wewe udhani nimekwenda mimi, mimi nidhani umekwenda wewe, naye aende peke yake."

Niliposikia hivyo kitu cha kwanza kilichonitoka mdomoni, namshukuru Mungu hakuna aliyeandika, ni, "Konyo ni konyo tu, Pemba nzima imejaa makonyo. Ushahidi gani huo?" Ndivyo nilivyo. Naye alikuwa akinijua, hakukasirika. Aliendelea.

"Nikasema karafuu. Sijui nilipata wapi ujasiri. Unguja ulikwenda wewe, Tanga wewe, Dar wewe, na mimi kila nikifungua nkono ni konyo, miaka yote konyo. Siku hiyo nikasema hata mimi. Nikasema karafuu, nikafumba ngumi. Naye angesema nini? Akisema muongo, itabidi aseme na yeye kafanya nini. Akanyamaza. Tukasafiri, na boti nzima hakunisemesha."

"Na mlima?"

"Nlima sikuuona. Semina ilipokwisha tukaenda mpaka langoni. Akanipiga picha moja. Akaniambia, kaa kwenye benchi hili. Nikamwambia bwana, na mimi je? Akasema..." Hapo Bi Mdogo alianza kucheka huku machozi yanamtoka, akashindwa kusema, akajaribu tena. "Akasema, 'Mimi katika umri wangu wote nimetaka siku moja tu, moja, nisisikie sauti ya mwanamke.' Akaingia njiani peke yake. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka Alasiri. Choo cha bati nimekihesabu misumari. Akarudi kalowa mpaka kofia, kachubuka magoti, anatabasamu mwenyewe kama kaokota lulu. Nikamuuliza umeona nini? Hakunambia. Mpaka amekufa hakunambia."

Nikatazama ramani. Lango, kibao, benchi, choo, bomba. Yote aliyoyajua yalikuwa upande huu wa mistari iliyobanana, na picha yake aliyonionesha ilikuwa ya langoni tu, wala hapakuwa na nyingine. Miaka tisa picha ile ilinichoma moyo, na sikuwahi kujiuliza ziko wapi za juu. Mimi! Mimi ninayenusa maziwa mara mbili! Nilishuku ngumi ya mume wangu, ilhali kitu cha kushuku kilikuwa kiganja cha mwanamke aliyekaa hatua mbili kutoka kwangu, na laiti ningesubiri kidogo kabla ya kwenda kulia jikoni, ningekiona.

Hasira ilikuja kwanza. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia marehemu, mzee mzima na ndevu zake, aliyekaa mkekani na bismillahi akatufumbia ngumi mbili za makonyo. Aliyepima khanga kwa mkono! Halafu nikamwona yuko kwenye ule mpando, kofia imelowa, amekimbia Tibirinzi na amekimbia Kengeja, hakuna wa kumuuliza mbona umechelewa, hakuna wa kumwambia jana ulikuwa kwa mwenzangu. Kicheko kikanijia kutoka tumboni. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Bi Mdogo naye akacheka, tukashikana mabega, tukalia na kucheka pamoja, jambo ambalo hatukulifanya hata siku ya msiba, maana siku ile kila mmoja alilia pembeni yake.

"Alitudanganya sote wawili," nikasema nilipopata pumzi.

"Sote. Sawa kwa sawa."

"Hakumzidisha mtu."

"Hata chembe."

Hapo nilihisi ule mwiba wa kooni umeondoka. Sikuutoa mimi, nilimeza mate tu nikaona njia iko wazi. Hakunipangia. Hakumchagua mwingine akaniacha mimi. Alituacha sote, akaenda zake kupumzika siku moja, akarudi kutuhudumia mpaka mwisho wa umri wake. Ubavu wake hauna kombo, si upande wangu wala upande wa Kengeja. Nikasema kwa sauti, mbele ya shahidi, na safari hii moyo ulitangulia ulimi ukafuata, "Nimemsamehe. Ewe Mola wangu, nimemsamehe mume wangu."

"Amin," akasema Bi Mdogo.

Nikainuka, nikaenda kabatini, nikatoa kikapu chake. Mkate wa mofa uliobaki tangu Jumamosi ya kwanza ulikuwa umekauka kama kigae, lakini wa leo ulikuwa laini. Nikaumega mbele yake, nikala. Alinitazama nikitafuna, akaelewa yote, ya leo na ya wiki zile nyingine. Nikachukua simu nikampigia yule mtu wa hifadhi nikamwambia mwongozaji hatumhitaji tena, tutatembea wenyewe. Kwenye kaunta buku nikafuta jina lililokuwa mbele na jina lililokuwa nyuma. Penye njia pana tutakwenda sambamba, penye wembamba tutaona huko huko. Nikaongeza mstari mmoja kwenye safu ya vitu: tukifika juu, tutazame kila kitu, mpaka tujue alikuwa anatabasamu nini.

Yeye alikuwa bado amekaa. Lile konyo lilikuwa bado liko juu ya ramani, katikati ya mistari, na vidole vyake viko kando yake.

"Na mimi, Bi Mkubwa?" akauliza. "Mimi nilisema karafuu. Na mimi umenisamehe?"

Nikamtazama usoni, kisha nikateremsha macho mpaka miguuni mwake, kwenye zile plastiki za kijani zilizosuguliwa zikameta.

"Wewe," nikamwambia, "tafuta viatu kwanza."